Kwa Nini Penseli Hupitisha Umeme na Kavera Haipitishi

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili ili nilipe deni. Si deni la fedha. Ni deni la jibu, na anayenidai ni mdogo wetu wa mwaka wa pili. Kwa kuwa nilimkosea mbele ya watu, naona si haki nimlipe kwa siri.

Muhula uliopita, katika mkutano wa Chama cha Sayansi ambao mimi ndiye niliyeuongoza, tulifanya jaribio ambalo nadhani kila aliyepita katika shule hii amekwisha kulifanya, hata wazee wetu wenye mvi: betri mbili, waya, na balbu ya tochi. Tulitia msumari kati ya ncha za waya, balbu ikawaka. Tulitia kijiti kikavu, haikuwaka. Kisha tukapasua penseli tukatoa ule moyo wake mweusi, na balbu ikawaka, ingawa kwa unyonge. Mwisho tukajaribu kipande cha mfuko wa plastiki, huo ambao huku kwetu twauita kavera, na balbu ikabaki imelala. Nilipokuwa nikikusanya vyombo, mdogo wetu akanyosha mkono akasema, "Kaka, ulitufundisha kwamba ndani ya penseli mna kaboni. Tena ulisema kavera imetengenezwa kwa kaboni na hidrojeni. Sasa kaboni ya penseli yapitisha umeme, kaboni ya kavera yakataa. Zimegombana nini?"

Sikujua. Ningalisema sijui, yangalikuwa yamekwisha. Badala yake nikamjibu, "Plastiki ni plastiki. Au ulitaka ikuchemshie chai?" Watu wakacheka sana, na mimi nikacheka pamoja nao. Jumamosi iliyofuata hakuja, na iliyofuata hiyo pia hakuja. Mimi nami, kwa kujiona nimeshinda, nikaandika katika taarifa ya Chama, iliyochapwa katika toleo lililopita la gazeti hili, kwamba hakuna plastiki duniani ipitishayo umeme.

Toleo lile lilipowafikia wazee wa shule, mmoja wao ambaye sasa anafundisha kemia aliniletea barua ya mistari minne. Alisema, "Mdogo wangu, sentensi yako ya mwisho ilikwisha kuwa uongo tangu mwaka 1977, zamani sana kabla hujazaliwa. Soma habari za poliasetilini, kisha usahihishe." Nilisoma likizo nzima. Haya ndiyo niliyoyapata, nami nitajaribu kuyaeleza kwa namna ambayo mtu wa mwaka wa pili aweza kuyafuata. Wenzangu wa mwaka wa sita watanivumilia.

Tuanze na kaboni yenyewe. Ifikirie atomu ya kaboni kuwa mtu mwenye mikono minne. Kila mkono ni elektroni moja ambayo yuko tayari kuitoa ili ashikane na jirani. Katika almasi, ambayo ni kaboni tupu, kila mmoja ameshikana na jirani wanne. Mikono yote ina kazi, na almasi haipitishi umeme. Penseli ina kaboni ya namna nyingine, iitwayo grafiti, iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Katika grafiti kila mmoja ameshikana na jirani watatu tu, nao wote wamepangwa bapa kama mkeka. Mkono wa nne haukupata mtu wake peke yake. Elektroni ya mkono ule basi huwa mali ya mkeka mzima. Hutangatanga juu yake na chini yake, na ukiunga betri hukimbilia upande unaovutwa.

Kavera, kwa jina lake la kemia polithini, ni mnyororo mrefu wa maelfu ya kaboni zilizofuatana kama ushanga katika uzi. Vitu vya namna hii vyaitwa polima, maana yake vyenye vipande vingi. Kila kaboni katika ushanga huo imeshika kaboni ya mbele, kaboni ya nyuma, na hidrojeni mbili. Mbili na mbili ni nne. Hakuna mkono uliobaki, hakuna elektroni ya kutangatanga, na balbu haiwaki.

Hilo ndilo jibu la swali la mdogo wetu. Kaboni hazikugombana, ila zimepangwa kwa njia mbalimbali. Lingeliweza kutolewa siku ile ile kwa dakika mbili na mtu yeyote aliyesoma sura ya vifungo vya kemia kwa makini, na mimi sura hiyo nilikuwa nimeisoma. Nilikuwa nimeisoma kwa ajili ya mtihani.

Lakini mzee wetu hakunituma nikasome habari za kavera. Alinituma poliasetilini.

Asetilini ni ile gesi wanayoiunguza mafundi wa kulehemu barabarani. Molekuli yake ni ndogo: kaboni mbili na hidrojeni mbili. Ukiziunganisha molekuli nyingi za asetilini ziwe mnyororo, kila kaboni itakuwa imeshika kaboni mbili na hidrojeni moja tu. Mbili na moja ni tatu. Mkono wa nne umebaki! Kwa hiyo mnyororo huu wafanana na ukili mmoja uliochomolewa katika mkeka wa penseli. Mtaalamu Natta wa Italia aliutengeneza mwaka 1958, lakini alipata unga mweusi usioyeyuka, na watu hawakuona la kuufanyia.

Mwaka 1967, huko Tokyo, katika maabara alimofanya kazi Hideki Shirakawa, mtafiti mgeni alikuwa akitengeneza unga huo akakosea kipimo, akatia kichocheo mara elfu moja kuliko kilichotakiwa. Hakupata unga. Juu ya kile kimiminiko pakatanda utando unaong'aa kama karatasi ya fedha. Sisi katika maabara yetu tungaliosha chombo upesi kabla mwalimu hajaingia. Shirakawa aliuhifadhi utando ule, akauchunguza kwa miaka kadhaa.

Akaona jambo ambalo kwangu ndilo mlango wa habari hii yote. Utando uliotengenezwa katika baridi ya digrii 78 chini ya sifuri una rangi kama ya shaba, na uliotengenezwa katika joto la digrii 150 una rangi ya fedha. Atomu ni zile zile, na hesabu yake ni ile ile, kaboni moja kwa hidrojeni moja. Tofauti ni namna mnyororo unavyopinda tu. Katika ule wa fedha mnyororo wakwenda upogo, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama njia ya kupandia mlima. Katika ule wa shaba mikunjo yake ni ya namna nyingine. Na ule wa fedha hupitisha umeme kuliko ule wa shaba kwa maelfu ya mara. Nilipoyasoma haya niliacha kitabu nikatoka nje kutembea.

Walakini hata ule wa fedha, pamoja na kung'aa kwake, ulikuwa maskini ukilinganishwa na waya halisi. Hapa nilikwama siku tatu. Kama kila kaboni inayo elektroni ya akiba, mbona mnyororo haupitishi umeme kama shaba? Sababu ni kwamba katika mnyororo elektroni hizi hazigawanyiki sawasawa. Hupenda kukaa mbili mbili. Kati ya kaboni hii na ile kifungo huwa cha mikono miwili, nacho ni kifupi. Kinachofuata ni cha mkono mmoja, nacho ni kirefu kidogo. Kisha kifupi tena, kisha kirefu, hivyo hivyo hata mwisho. Kupokezana huko ndiko kunakoifanya polima iwe kipitishi nusu, yaani haiko pamoja na shaba wala haiko pamoja na kavera.

Fikiri benchi ya kanisani siku ya Pasaka. Imejaa, watu bega kwa bega. Kila mmoja anaweza kusogea, lakini hakuna pa kusogea. Basi mmoja akiitwa nje, jirani yake husogea, na jirani wa jirani husogea, na ile nafasi tupu husafiri toka mwisho huu wa benchi hata mwisho ule, ingawa hakuna mtu aliyekwenda zaidi ya hatua moja. Mvuke wa iodini au wa bromini ndio unaowaita watu nje. Hunyang'anya mnyororo elektroni chache, na zilizobaki hupata pa kwenda.

Aliyefungua njia hiyo ni Alan MacDiarmid, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akifundisha Philadelphia. Alikutana na Shirakawa huko Tokyo akamwalika Marekani, na mwaka 1976, pamoja na mwanafizikia Alan Heeger, wakautia utando ule katika mvuke wa namna hiyo. Uwezo wake wa kupitisha umeme ukapanda hata mara milioni kumi. Walitangaza habari hiyo mwaka 1977, na mwaka 2000 wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Basi nafuta rasmi sentensi yangu ya toleo lililopita.

Ningeweza kukomea hapo, maana deni limelipwa. Lakini poliasetilini ina ila mbili kubwa: hewa huiharibu, na haiyeyuki katika kitu chochote, kwa hiyo huwezi kuipaka wala kuichapa. Chombo cha umeme kisichoweza kukutana na hewa kitamfaa nani? Wataalamu wakatafuta minyororo iliyo migumu zaidi, na katika kuitafuta wakagundua kwamba umbo la molekuli ni jambo lenye hila nyingi kuliko walivyodhani. Sehemu hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Mnyororo uliosomwa sana kuliko mingine ni wa polithiofeni. Kila kipande chake ni pete ya atomu tano, nne za kaboni na moja ya salfa. Vifungo vyake hupokezana kama vya poliasetilini, lakini pete huvilinda visiharibike upesi. Pete tupu nazo hazikubali kuyeyuka. Kwa hiyo wakaiongezea kila pete mkia wa kaboni sita. Ukiutazama mkia huo vizuri utaona kwamba ni kipande cha kavera! Wenyewe haupitishi umeme hata kidogo. Kazi yake ni kuifanya minyororo ikubaliane na kiyeyushi, iachane, iwe kama wino. Mimi nilicheka nilipoona kwamba ili plastiki ipitayo umeme ipate kutumika, ilibidi ivalishwe ile isiyopitisha.

Na mkia huo ukaleta fitina. Nieleze kwa mfano wa nyumbani. Mwaka juzi tulipojenga jiko jipya la shule tulipangwa mstari toka barabarani lilipomwagwa tofali hata kwenye msingi, tukapokezana. Aliyetusimamia alitupa amri moja tu: pokea kwa kushoto, toa kwa kulia. Mstari ulipoitii amri hiyo, matofali yalikwenda kama maji. Lakini wawili katikati waligeuka wakatazamana wapate kuzungumza, na kila tofali lililofika pale lilisimama, na mengine yakaanguka. Wawili tu, katika mstari wa watu wapatao sitini.

Pete ya thiofeni nayo ina upande ulio karibu na mkia na upande ulio mbali nao. Zikiunganishwa zote kwa utaratibu mmoja, kila mkia hupata nafasi yake na pete zote hulala bapa. Lakini zikiunganishwa ovyo, mara nyingine pete mbili hukutana upande wa mikia. Mikia miwili haitoshi mahali pamoja. Husukumana kama abiria wawili wenye magunia katika kiti kimoja cha taksi, na katika kusukumana pete moja hupinduka kidogo. Sasa kumbuka kwamba elektroni za akiba hukaa juu ya pete na chini yake. Pete zikiwa bapa, wingu la elektroni la pete hii huungana na la ile. Pete ikipinduka, mawingu hupishana, na kwa umeme njia imekatika pale. Kila kosa moja hukata mnyororo mrefu ukawa vipande vifupi.

Kwa miaka mingi polithiofeni zenye mikia zilitengenezwa ovyo hivyo, na watu wakadhani ndivyo zilivyo. Mwaka 1992 Richard McCullough wa Pittsburgh, na mbali naye Rieke wa Nebraska, kila mmoja kwa njia yake, walipata namna ya kuziunganisha pete karibu zote kwa utaratibu mmoja. Hakuna atomu iliyoongezwa wala kupunguzwa. Ukimpa mtu polima ya zamani na ile mpya apime kaboni, hidrojeni na salfa, atakuambia ni kitu kimoja. Lakini ukizipaka juu ya kioo, ile ya ovyo hutoa utando wa rangi ya manjano au ya chungwa, na ile ya utaratibu hutoa utando wa zambarau nzito. Macho yenyewe yaona tofauti ya mpangilio, maana kadiri elektroni inavyopata njia ndefu isiyokatika, ndivyo inavyohitaji nguvu kidogo ya kuiamsha, na rangi ya nuru inayomezwa hubadilika.

Hata hapo safari haijaisha. Mnyororo mmoja ni mfupi mno kuvuka chombo toka waya huu hata ule. Hapana budi umeme uruke toka mnyororo hata mnyororo. Minyororo bapa hupenda kupangana uso kwa uso, na nafasi kati yake ni kama nanometa 0.38. Nanometa ni sehemu moja ya milioni ya milimeta. Kuruka nafasi hiyo ni rahisi. Lakini upande wa mikia, toka mnyororo mmoja hata wa pili ni kama nanometa 1.6, na katikati kumejaa vipande vya kavera. Huko umeme haupiti, au hupita kwa taabu.

Chukua vitabu vya maktaba. Ukivisimamisha katika rafu, jalada kwa jalada, mdudu atakayetoboa toka kitabu hata kitabu atasafiri upande wa rafu. Ukivilaza kimoja juu ya kingine, atasafiri toka chini kwenda juu. Katika transista ya polima, umeme hupita upande upande, sambamba na kioo. Kwa hiyo minyororo inatakiwa isimame kama vitabu rafuni, mikia ikielekea chini na juu. Mwaka 1999 Henning Sirringhaus na wenzake wa Cambridge walionyesha kwamba polithiofeni yenye utaratibu wa zaidi ya asilimia 91 ilisimama hivyo, na ile yenye utaratibu wa asilimia 81 ilipenda kulala. Tofauti ya wepesi wa umeme kati yake ilizidi mara mia moja. Katika chombo cha kuvuna nuru ya jua mambo hugeuka: huko umeme hutoka chini kwenda juu, na kulala ndiko kuzuri. Kwa hiyo mtu akikuuliza mpangilio upi ni bora, muulize kwanza anatengeneza nini.

Nitaje na vipimo, maana mwalimu wetu wa fizikia hapendi sifa zisizo na namba. Wataalamu huuliza hivi: ukitia volti moja kwa kila sentimeta, chembe ya umeme itakwenda mbio gani? Katika fuwele safi ya silikoni elektroni hupita sentimeta 1,000 kwa sekunde. Katika silikoni isiyo fuwele ni kama sentimeta moja. Polithiofeni iliyosimama vizuri, ya mwaka ule 1999, ilifika sehemu moja ya kumi ya sentimeta, yaani milimeta moja. Ni kobe. Lakini ni kobe anayeweza kuyeyushwa na kuchapwa juu ya karatasi ya plastiki inayokunjika, na silikoni haikubali hayo.

Baada ya kusoma hayo nilijitungia kanuni: utaratibu ndio kila kitu. Kanuni hiyo haikuishi juma moja. Nilikuta kwamba mwaka 2003 watafiti wa Stanford walilinganisha polithiofeni fupi na ndefu. Zile fupi zilijipanga vizuri zaidi, zikawa fuwele safi, nami nikatazamia zishinde. Zilishindwa vibaya. Minyororo ilipofanywa kuwa mirefu mara kumi na zaidi, wepesi wa umeme ulipanda kwa maelfu ya mara, ingawa usafi wa fuwele ulipungua. Sababu ni kwamba minyororo mifupi hujikusanya katika vijiji vidogo nadhifu visivyo na barabara kati yake. Mnyororo mrefu huanza katika kijiji hiki, hutoka nje ovyo ovyo, ukaishia katika kijiji kingine, na umeme hupanda juu yake ukavuka. Tena mwaka 2014 ilitangazwa toka Cambridge habari ya polima ambayo karibu haina fuwele kabisa, lakini umeme hupita ndani yake kuliko polithiofeni ile, hata kuzidi sentimeta moja kwa kipimo changu cha juu. Siri yake ni kwamba uti wake wa mgongo ni mgumu, haupinduki hata minyororo ikilala ovyo. Naona basi kwamba jambo kubwa ni elektroni isikute pete iliyopinduka njiani, na fuwele ni njia mojawapo tu ya kuhakikisha hivyo. Hiyo ni hukumu yangu mimi, na kaka zetu wenye elimu zaidi wanaweza kuipinga katika toleo lijalo.

Kuhusu matumizi nitasema kwa kifupi. Mwaka 1990 watu wa Cambridge waliunga betri katika utando wa polima nyingine ya jamii hii, nao ukatoa nuru ya kijani na manjano. Wengine wakabadili mikia na nuru ikawa ya rangi ya chungwa. Wengi hudhani kioo cha simu zao chawaka kwa polima hizo. Sivyo, simu nyingi zenye vioo vya namna hiyo hutumia molekuli ndogo ndogo zisizo minyororo. Katika kuvuna nuru ya jua, polima zilizochanganywa na molekuli zilizochaguliwa vizuri zimepita asilimia 18 katika maabara tangu mwaka 2020, lakini hazijapata kudumu miaka mingi juani kama hizi bamba za silikoni zilizo juu ya bweni letu. Polima nyingine hupakwa juu ya filamu za picha ili zisikusanye umeme wa kusuguana. Kazi hiyo haina utukufu, lakini inafanyika kila siku.

Kabla ya kuleta makala hii kwa Mhariri nilimpelekea mdogo wetu aisome kwanza. Tuliketi ngazini penye maabara. Nilimwomba radhi, akasema si kitu, akasoma kimya, kidole chake kikifuata mistari. Alipomaliza akauliza, "Kaka, kama shida ya kavera ni hidrojeni mbili, je, tukiichoma hidrojeni zitoke, itapitisha umeme?"

Safari hii sikucheka. Nilimwambia kwamba kavera ikipata moto mnyororo wenyewe hukatika, ukawa gesi na nta, na moshi wake ni mbaya kwa mapafu, kwa hiyo asijaribu bwenini. Lakini nikamwambia pia kwamba masizi ni kaboni iliyojipanga katika vijimkeka vidogo sana, ndugu wa ile ya penseli, nayo hupitisha umeme. Hata viwandani huchanganywa na plastiki ili iwe kipitishi. Akafikiri kidogo akasema, basi masizi ya taa ya mafuta yanatosha, hatuhitaji kuchoma kavera. Jumamosi tutayakusanya juu ya kioo, na yeye ndiye atakayeshika waya.